Usawa si Kufanana

Wengi huchanganya usawa na kufanana, na katika kuchanganya huko hutoka dhulma. Mwaka 1961 Kurt Vonnegut wa Marekani alitoa hadithi fupi, "Harrison Bergeron", ya nchi ya mwaka 2081 ambamo sheria yamkataza yeyote kumpita mwenziwe. Mwenye nguvu hufungwa mizigo mwilini, mzuri huvishwa kinyago, na mwenye akili hutiwa kelele sikioni asipate kufikiri. Kijana mmoja aivunja mizigo yake, naye auawa kwa risasi.

Twauliza: mdhaifu amepata nini? Hakuongezewa nguvu wala akili. Mkulima wa Kilelengwani jembe lake likivunjika, haki ni kumtafutia jingine, si kulivunja la jirani yake.

Wala hatumsifu kijana yule kwa yote. Hata kabla ya kuivunja mizigo yake alijitangaza kuwa mfalme, akawataka watu wamtii. Kongwa alilolivua shingoni mwake alitaka kuwavika wenziwe.

Kwetu Afrika ya Mashariki, Euphrase Kezilahabi katika Gamba la Nyoka (1979) amesimulia wanavijiji wa Tanzania waliohamishwa kwa nguvu katika vijiji vya Ujamaa. Udugu ulikusudiwa, lakini udugu wa kuswagwa huzaa chuki.

Basi shauri letu ni hili: watu wawe sawa mbele ya hakimu, katika elimu na katika riziki ya lazima, kisha kila mmoja aachiwe kipawa chake, na ajue kuwa aliyepewa zaidi ana deni kwa aliyepungukiwa.