Mali Iliyobandikwa Jina la Mwingine

Tumeletewa suala na muuza duka mmoja wa hapa Port Reitz, naye ametutaka tusilitaje jina lake. Amenunua katoni tatu za viatu na chaja za simu, vyote vimepigwa chapa za makampuni mashuhuri, na makampuni hayo hayakuvifanya. Bei ilikuwa rahisi mno, na bei hiyo ndiyo iliyomwambia mambo yalivyo. Fedha alizonunulia ni amana ya dada yake, naye hakumuuliza. Je, aviuze apate kurudisha amana, au aviache? Kisha akaongeza neno ambalo twalisikia sana barazani: kwamba sheria za chapa ni sheria za Wazungu, zimewekwa kuwalinda matajiri wao, basi Muislamu akizipita kando hana lawama.

Neno hili la mwisho ndilo lililotufanya tushike kalamu.

Ni kweli kuwa sheria hizo hazikuandikwa hapa. Mkataba wa Shirika la Biashara Duniani ulitiwa saini Marrakesh mwezi wa Aprili 1994, na Kenya imo ndani yake tangu 1 Januari 1995. Mna humo fungu zima la haki za ubunifu, yaani chapa, hataza na haki za watungaji, wala nchi iingiayo haipewi ruhusa ya kulichukua fungu ilipendalo na kuliacha jingine. Vivyo hivyo ushuru wa shehena ipitayo mbele ya macho yetu Kipevu. Tangu 2005 nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zina ushuru mmoja kwa bidhaa zitokazo nje, na tangu 2014 shehena iendayo Kampala hulipiwa ushuru wa Uganda kabla haijatoka bandarini Mombasa. Akaaye Port Reitz anakaa chini ya mikataba ya mataifa mengi, ajue asijue.

Wala hili si geni kwetu. Jina lenyewe la mahali petu ni la Luteni Reitz, afisa kijana wa jeshi la majini la Uingereza aliyeachwa Mombasa na Kapteni Owen mwaka 1824, pale Mazrui walipotaka himaya ya Uingereza wapate kujikinga na Sayyid Said. Reitz alikufa kwa homa baada ya miezi michache tu. Wakubwa wa London wakaikataa himaya hiyo, na mwaka 1826 ikaondolewa. Wazee wetu waliutegemea mkataba ambao mwenye mamlaka hasa hakuukubali. Tangu siku ile ilitupasa tujifunze kuisoma mikataba na kumjua mwenye saini, wala hatukujifunza sana.

Ama kudai kuwa haki ya chapa ni jambo la Wazungu peke yao, hilo si kweli. Mwezi wa Desemba 1988 Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu lilikutana Kuwait, likaamua kuwa jina la biashara, chapa, utunzi na uvumbuzi ni haki za wenyewe, kwamba zina thamani ya mali, na kwamba sheria ya Kiislamu inazilinda. Tazameni tarehe: ni zaidi ya miaka mitano kabla ya Marrakesh. Na asili yake ni ya zamani zaidi. Mtume, rehma na amani zimshukie, alipita sokoni akatia mkono katika rundo la nafaka, vidole vikatoka na unyevu, naye akamkemea muuzaji kwa kuificha chini iliyoloa. Abandikaye jina la mwingine juu ya kiatu anaificha iliyoloa vilevile. Tofauti ni kwamba ameificha juu, machoni pa watu.

Lakini twamwogopa Mwenyezi Mungu tusije tukawapa matajiri hoja wasiyostahiki. Si kila kitu cha bei ndogo ni bandia, na mahali ambapo kosa hili huua ni katika dawa. Ziko dawa zilizo na nguvu ile ile ya dawa ya asili, zimetengenezwa na kiwanda kingine kwa jina lake mwenyewe, nazo huuzwa kwa sehemu ndogo ya bei. Kwa dawa za namna hiyo maelfu ya wagonjwa wa UKIMWI katika nchi hii wamebaki hai. Mawaziri wa biashara waliokutana Doha, Novemba 2001, walitamka kuwa mkataba wa haki za ubunifu usiizuie nchi kulinda afya ya watu wake, na sheria ya Kenya ya mwaka huo huo ikafungua mlango wa kuleta dawa za bei nafuu. Kisha ikaja sheria ya 2008 ya kupiga vita bidhaa bandia, nayo ilieleza maana ya bandia kwa maneno mapana hata ikahofiwa kuwa dawa hizo halali zitakamatwa pamoja na zile za uwongo. Wagonjwa watatu wakaenda mahakamani. Tarehe 20 Aprili 2012 Mahakama Kuu ya Nairobi iliamua kuwa vifungu hivyo vinagusa haki ya uhai, heshima na afya, ikaitaka serikali ivitazame upya. Watatu hawa hawakuipita sheria kando; waliingia ndani yake wakaibishia, wakashinda.

Na chapa yaweza kudaiwa hata na asiyestahiki. Wengi wenu mnakumbuka jambo la kikoi. Yapata mwaka 2007 kampuni moja ya Uingereza ilitaka kulisajili huko neno hilo, limeandikwa “kikoy”, liwe alama yake peke yake. Lau lingesajiliwa, mfumaji wa pwani angelazimika kuomba ruhusa ya kuliuza vazi la babu yake kwa jina la babu yake katika soko la Uingereza. Watu wa hapa na marafiki wa huko walipinga, na jina halikuwa la kampuni hiyo. Basi sheria ile ile anayoidharau ndugu yetu ndiyo iliyolihifadhi jina la kikoi, kwa kuwa walikuwako watu walioandika pingamizi kwa wakati. Tungenyamaza, lingekwenda.

Twarejea kwa mwenye suala. Amana aliyoitumia bila idhini imekuwa deni shingoni mwake kamili, iwe bidhaa zimeuzwa au hazikuuzwa. Na aende kwa dada yake leo, amweleze bila kuficha, waandikiane muda wa kulipa mbele ya mashahidi, kama tulivyofundishwa katika aya ya deni ya Suratul Baqara. Aliyemuuzia amrudishie mali na kumdai fedha zake. Akikataa, basi viatu visiuzwe kwa jina lile kwa hali yoyote. Na ikiwa kuiondoa chapa na kuviuza kama viatu visivyo na jina kunaruhusiwa, amuulize mwanasheria kwanza, asitegemee fatwa ya barazani, wala hii yetu. Chaja asimpe mtu hata bure, kwani hajui kilichomo ndani yake, na nyumba zetu za Port Reitz zimebanana, moto wa mmoja hauishii kwa mmoja.