Kiti Kizuri ni cha Nani?

Mtu akijaliwa kuezeka nyumba yake, hata kuta hazijakauka vema, swali hili limekwisha ingia mlangoni: Tutie nini ndani? Nalo latosha kuondoa amani kati ya mume na mke. Mmoja ataka makochi, wa pili ataka kitanda kwanza, na watoto wamekwisha liona kabati la jirani. Mwezi huu twapenda kulitafakari jambo hili pamoja nanyi, wala si kwa sababu ya bei tu, bali kwa sababu ya swali moja lililojificha chini ya bei. Swali lenyewe ni hili: kile kiti kizuri kuliko vyote nyumbani mwetu, ni cha nani?

Labda mtu atacheka na kusema, "Kiti ni kiti, akikaliaye ndiye mwenyewe." La, sivyo. Tangu zamani wanadamu hawakutengeneza viti ili kupumzisha miguu tu. Walivitengeneza pia ili kuonyesha nani ni mkubwa na nani ni mdogo. Tukiijua habari ya vyombo vya nyumbani, jinsi vilivyoanza na jinsi vilivyotumiwa, tutajua vizuri zaidi tunalolifanya siku tunapokwenda kwa seremala.

Na tuanze kwetu mwambaoni. Hapo kale mtu wa kawaida wa Tanga au Pangani alikuwa na mkeka, jamvi, na kitanda cha kamba. Kitanda hicho kilikuwa na matendegu manne na mifumbati yake, kikawambwa kwa kamba za makumbi ya nazi. Na tangu mkonge ulipoletwa nchini mwaka 1893, watu walipata na kamba za mkonge. Usiku kililaliwa, mchana kilitolewa nje kikakaliwa na wageni. Mvunguni viliwekwa vyombo. Mtu alipougua sana, alichukuliwa juu yake. Chombo kimoja kilifanya kazi nyingi, wala hakikumwambia mtu ye yote kwamba yeye ni mdogo.

Lakini katika nyumba za waungwana wa Lamu na Pate kilikuwako kiti cha namna nyingine, kiitwacho kiti cha enzi. Mpaka leo viti hivyo vyaweza kuonekana katika nyumba ya makumbusho ya Lamu. Ni kiti kipana, chenye egemeo refu lililosimama wima, mikono miwili, na mahali pa kuwekea miguu. Mti wake ni mweusi, na ndani ya mti hupachikwa vipande vya mfupa au pembe ya ndovu kwa nakshi; egemeo na pa kukalia husukwa kwa nyuzi. Wataalamu wamebishana juu ya asili yake: wako wasemao ulitoka Misri, wako wasemao kwa Wareno, na wengine husema India. Sisi hatutaingia katika mabishano hayo. Jambo tunalotaka mlishike ni jingine. Kiti hiki hakikufanywa kwa starehe, maana akikaliaye hana budi kukaa wima kama mtu aliye barazani kwa kadhi. Kilifanywa kwa heshima. Tena mara nyingi aliyeheshimiwa hakuwa mwenye nyumba, bali mgeni. Mgeni wa cheo alipokuja, ndiye aliyekaribishwa kukaa juu yake.

Hapo twaona jambo zuri sana: mtu kununua kitu cha thamani kuliko vyote alivyo navyo, kisha kumwachia mwingine akikalie. Walakini tusiwasifu wazee wetu kupita kiasi. Mgeni aliyekalishwa hapo alikuwa mkubwa mwenzao. Mtumwa aliyefagia chumba kile hakukaribishwa. Na zile pembe za ndovu zilichukuliwa mabegani mwa watu kutoka bara, mwendo wa miezi, mpaka bandari kama Bagamoyo na Pangani yetu hii; na njia hizo hizo zilipitisha watu waliofungwa minyororo. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873. Kwa hiyo mtu akitazama kiti cha kale cha namna ile, na astaajabie kazi ya fundi, lakini asisahau kuuliza ni nani aliyesimama wakati wengine walipokaa.

Wala tusidhani kwamba hayo yalikuwa ya pwani yetu peke yake. Huko Ufaransa, katika jumba la Versailles la mfalme Louis XIV, aliyekufa mwaka 1715, kilikuwako kigoda kisicho na egemeo wala mikono. Kwa macho ni kitu duni kuliko kiti cha jikoni. Lakini wanawake wa daraja ya juu kabisa tu ndio walioruhusiwa kukikalia mbele ya malkia, na wengine wote walisimama. Watu wazima waligombea haki ya kukaa juu ya kigoda kwa bidii ambayo wengine huitumia kugombea shamba! Basi mwaona kwamba ukubwa haumo katika mti, umo katika kumnyima mwingine.

Huko Uingereza fundi mmoja, Thomas Chippendale, alipiga chapa kitabu cha picha za viti, meza na makabati mwaka 1754. Kwa kitabu hicho mitindo yake ilienea mbali, hata ng'ambo ya bahari Marekani, maana seremala ye yote aliyekipata aliweza kuiga. Uzuri wake hatuukatai. Lakini mbao nyingi nyekundu za viti vya siku zile zilitoka katika visiwa kama Jamaica, ambako waliokata miti walikuwa watumwa.

Ikapita miaka mia na kidogo, akatokea fundi mwingine, Michael Thonet, aliyefanya kazi katika mji wa Vienna. Huyu alijua kupinda miti kwa mvuke. Mwaka 1859 alitoa kiti chenye vipande 6 tu vya mti, skrubu 10 na nati 2. Viti 36 vikifunguliwa vilienea katika sanduku moja la meta moja kila upande, vikapelekwa kwa meli po pote. Kwa sababu hiyo bei yake ilishuka, vikajaa katika nyumba za kahawa, na kila mtu aliyeingia humo akakalia kiti kile kile. Hakikuwa na pembe ya ndovu, wala hakikuhitaji mtu asimame ili kionekane kizuri. Kwa maoni yetu, hiyo nayo ni heshima, tena labda ni kubwa kuliko ile ya kwanza.

Sasa na turudi hapa Nguvumali, katika jiji letu la Tanga. Siku hizi mnunuzi haendi kwa seremala na kitabu. Huenda na simu yake, akamwonyesha picha, akasema, "Nataka kama haya." Makochi yamepewa majina ya kila nchi: haya ya Kituruki, yale ya Kiarabu, mengine ya kifalme. Katika kuiga hakuna aibu, maana tumekwisha ona kwamba mafundi wa dunia nzima wameigana. Lakini picha huonyesha uso, haionyeshi mgongo. Wazee walisema, uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Na kochi ni mkakasi hasa, kwa sababu mifupa yake imefichwa na kitambaa.

Kwa hiyo twawashauri wasomaji wetu wasione haya kukipindua chombo kabla ya kutoa fedha. Tazameni chini yake. Je, fremu ni ya mbao ngumu, au ni vipande vya masanduku vilivyogongomewa? Je, viungo vimeingiana ulimi na tundu, au vimeshikwa na msumari mmoja tu? Ulizeni kama mbao zilikaushwa, maana mbao mbichi hupinda na kupasuka baada ya miezi, hata fundi akiwa hodari. Mbao nzuri tunazo: mninga, mkongo, mvule, na msaji uliopandwa Longuza katika wilaya ya Muheza, ambako si mbali nasi. Chombo cha unga wa mbao ulioshindiliwa kwa gundi hung'aa sana dukani, lakini kikilowa maji huvimba, na kikivunjika ni shida kukitengeneza. Kadhalika mkiambiwa kwamba kasha fulani lenye misumari ya shaba ni la kale, la siku za majahazi, msiharakishe kuamini. Makasha ya namna ile hufanywa hata leo, na kusugua mti mpya ufanane na wa zamani si kazi ngumu. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza.

Walakini mtu aweza kununua chombo imara, kwa bei ya haki, na bado akakosea katika lile swali letu la kwanza. Na tutoe mfano. Tuseme yuko mtu aliyekopa fedha ili kununua makochi makubwa. Wazee husema, kukopa harusi, kulipa matanga. Naye kila mwezi alipa, na ada ya mtoto yangoja. Makochi yamefunikwa nailoni yasichafuke. Watoto wamekatazwa kuyakalia. Mlango wa sebule umefungwa kwa ufunguo. Siku moja mama yake mzazi yuaja kutoka kijijini, amechoka kwa safari, miguu yake ina vumbi. Atandikiwa mkeka uani. Kesho yake yuaja mkubwa wa kazini, na sebule yafunguliwa upesi, na nailoni yaondolewa. Twauliza: mtu huyu amenunua nini? Amenunua kigoda cha Versailles. Hata yeye mwenyewe hapumziki juu yake. Apumzisha juu yake maneno ya majirani.

Mkeka si kitu cha aibu, na wako wazazi wengi waupendao kuliko kochi. Neno letu si juu ya mkeka, ni juu ya ule ufunguo. Mtume Yakobo, katika sura ya pili ya waraka wake, awakemea watu wampao mwenye mavazi mazuri mahali pema pa kukaa, na maskini wamwachie kusimama au kukaa chini. Hakuwakemea kwa kuwa na viti vizuri. Aliwakemea kwa kuvigawa vibaya.

Mtu mwingine aweza kutujibu, "Basi ni heri kutonunua kitu, tukae juu ya majamvi kama babu zetu." Hasha, hatusemi hivyo. Katika kitabu cha pili cha Wafalme, sura ya nne, twasoma habari ya mwanamke wa Shunemu, mwenye mali. Alimwona nabii Elisha akipita mara kwa mara, akamshauri mumewe wamfanyie chumba kidogo, wakatie humo kitanda, meza, kiti na taa. Huenda hiyo ndiyo orodha fupi na nzuri kuliko zote ya vyombo vya nyumbani. Angalieni alivyoanza: hakuanza kwa kuuliza jirani ana nini, alianza kwa kumtazama mtu aliyechoka. Kisha akahesabu vitu ambavyo mtu wa namna ile avihitaji, wala hakuzidisha.

Na mwingine atasema, "Mimi nafanya kazi mchana kutwa. Je, si haki yangu kupumzika juu ya kitu laini?" Ndiyo, ni haki yake. Mwenye nyumba naye huchoka, na mkewe huchoka zaidi. Kiti ni cha mtu aliyechoka, awe mgeni, awe mwenyeji. Tunachokataa ni kiti ambacho hakuna aliyechoka awezaye kukikalia.

Basi kabla ya kwenda kwa seremala, mume na mke na wakae pamoja, juu ya mkeka wao au juu ya ndoo iliyopinduliwa, wawahesabu watu wa nyumba ile na watu waijiao. Kama yuko mzee asiyeweza kuinuka kutoka chini, kochi la kujizamisha halimfai. Na afanyiwe kiti cha mikono, chenye kimo cha kutosha. Kama yuko mtoto asomaye juu ya magoti yake, kitu cha kwanza kiwe meza na kibao, hata kama sebule itakaa tupu mwaka mzima. Kama kuna wageni wengi, viti vyepesi vingi ni bora kuliko kiti kimoja cha kifalme, maana mgeni njoo, mwenyeji apone. Fedha ikibaki, na ununuliwe uzuri: nakshi, rangi, kitambaa kinachopendeza macho. Uzuri nao ni mapumziko, na fundi anayejua kazi yake hufurahi akipata mtu wa kumwomba afanye vema.

Na chombo kikiisha kuletwa nyumbani, kabla hajakikalia mtu wa kwanza, na amalizwe fundi fedha yake iliyobaki. Yeye naye ana nyumba, na huenda watoto wake wangoja meza.