Damu ya Urithi na Lawama ya Mama

Ndugu wasomaji, na zaidi ninyi waalimu wa mitaa ambao mwaingia katika nyumba za watu kuliko sisi tuandikao, mwezi huu tungependa kuwaza pamoja nanyi juu ya neno moja linalosemwa mara nyingi huku kwetu Pasiansi, nalo husemwa kwa sauti ndogo. Mama akiharibikiwa na mimba mara ya kwanza, watu humpa pole. Mara ya pili hunyamaza. Mara ya tatu husema, "Ana damu mbaya yule." Neno hilo tumelisikia penye bomba la maji, tumelisikia Kirumba sokoni kati ya magunia ya dagaa, na, twaona haya kulisema, tumelisikia hata mlangoni pa kanisa watu wakitoka ibadani.

Swali letu ni hili: neno hilo lina kweli gani, tena lina haki gani? Maana si kila neno lenye kweli ndani yake ni la haki.

Tuanze na kweli. Damu ya mwanadamu imepewa kazi mbili zinazopingana. Yapasa itiririke daima ndani ya mishipa pasipo kusimama, na papo hapo yapasa igande upesi mwili ukikatwa. Kwa hiyo mna ndani yake vitu vya kuigandisha, na vitu vingine vya kuizuia isigande kupita kiasi. Hivi vya kuzuia madaktari huviita protini C, protini S na antithrombini. Wako watu waliozaliwa na upungufu wa kimojawapo, nao wameupokea kwa baba au kwa mama kama vile mtu apokeavyo umbo la pua yake. Upungufu wa antithrombini ulielezwa mara ya kwanza mwaka 1965 na daktari Olav Egeberg wa Norway, aliyeuona katika jamaa moja. Mwaka 1994 wataalamu wa mji wa Leiden, Uholanzi, walionyesha badiliko jingine la urithi ambalo hata leo laitwa kwa jina la mji ule. Katika Wazungu hupatikana kwa watu kama watano katika kila mia. Katika Waafrika ni nadra sana. Bali upungufu wa zile protini waonekana katika mataifa yote.

Sasa, mwanamke akichukua mimba, damu yake huwa tayari zaidi kuganda. Jambo hili si ugonjwa, ni ulinzi, ili siku ya kuzaa asitokwe na damu hata kufa. Nalo hudumu kama wiki sita baada ya kuzaa. Lakini kwa mama mwenye upungufu wa urithi ulinzi huo waweza kugeuka hatari. Bonge la damu laweza kufanyika katika mguu, na kutoka hapo likasafiri mpaka mapafuni. Mama mjamzito, au aliyezaa au kuharibikiwa na mimba karibuni, akivimba mguu mmoja wenye maumivu, au akikosa pumzi ghafula, au akiumwa na kifua, asingoje jioni wala asingoje mume arudi kutoka ziwani. Apelekwe hospitali saa ile ile. Mwalimu akiyajua haya tu, huenda akaokoa mtu.

Je, damu ya namna hii ndiyo iharibuyo mimba? Hapa yafaa tuseme polepole, maana waliosoma kidogo husema mengi. Kwa mimba changa uhusiano ni dhaifu. Kwa mimba zilizokwisha kukua waonekana zaidi. Na mimba changa zinazoharibika, karibu nusu yake hupotea kwa sababu kromosomu za mtoto hazikupangika sawasawa tangu siku ya kwanza. Hapana aliyefanya kosa hilo. Halikutoka katika mzigo alioubeba mama, wala katika ugomvi na wifi yake, wala katika jicho la jirani.

Basi tufike kwenye haki. Yuko mama mmoja wa upande huu tumjuaye, ambaye jina lake halitusaidii kitu hapa. Alipoteza mimba tatu. Baada ya ya pili mume alimchukua kwa mfumu, naye mfumu akataja jirani. Baada ya ya tatu baba mdogo wa mume alianza kuhesabu ng'ombe waliotolewa mahari, akisema ng'ombe hao walitolewa ili nyumba ipate watoto. Katika siku zile mguu wake wa kushoto ukavimba. Akapelekwa hospitali kubwa, akaonekana ana bonge la damu. Baadaye, alipokuwa amepona, damu yake ilipimwa, akaambiwa ana upungufu wa protini S, aliozaliwa nao. Aliporudi na habari hiyo, unajua, msomaji, nyumba ile ilisema nini? Walifurahi! Walisema, "Tulisema tangu mwanzo, damu yake ni mbaya." Kipimo cha daktari kiligeuzwa kuwa hati ya mashtaka.

Hapo ndipo tulipoona ya kuwa elimu peke yake haiwaweki watu huru na lawama. Mchawi aliondoka katika hadithi, lakini kiti cha mshtakiwa kilibaki pale pale, na mama akakalishwa juu yake. Na tuulize: kosa ni tendo ambalo mtu angaliweza kutolitenda. Mama huyu angaliweza kutolitenda lipi? Hakuchagua baba yake wala mama yake. Wanafunzi walipomwona yule kipofu tangu kuzaliwa walimwuliza Bwana Yesu ni nani aliyetenda dhambi, yeye au wazazi wake. Naye alikataa yote mawili. Wengi wetu tumehubiri habari hiyo mara nyingi, kisha tukashuka madhabahuni na kuuliza swali lile lile la wanafunzi.

Tena watu wa Kanda ya Ziwa tungepaswa kuwa wa mwisho kuita damu ya mwenzetu mbaya. Twakaa katika nchi ya selimundu. Kati ya mwaka 2017 na 2018 zilipimwa damu za watoto wachanga zaidi ya 17,000 wa kaskazini magharibi ya Tanzania, ikaonekana ya kuwa mtoto mmoja katika kila watano amebeba alama ya ugonjwa huo, na mmoja hivi katika kila mia ana ugonjwa wenyewe. Na mama mwenye selimundu, mimba kwake ni hatari kubwa: damu hupungua, maumivu huzidi, mabonge huja upesi. Ugonjwa huo hauji ila mtoto amepokea alama kwa wazazi wote wawili. Baba hawezi kujitoa. Lakini alama ile moja ni kinga. Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alionyesha mwaka 1954 kwamba aliye na alama ya mzazi mmoja huhimili malaria kuliko wengine. Na watu wa Musoma, jirani zetu, wamo katika wale aliowachunguza. Babu zetu waliishi kando ya ziwa hili lenye mbu kwa msaada wa damu ile ile inayowaua wajukuu wao wengine. Basi ni damu nzuri au ni damu mbaya? Sisi hatuwezi kujibu, na twadhani swali lenyewe limeulizwa vibaya.

Sasa liko jambo la dawa, ambalo ni gumu zaidi. Ipo dawa ya sindano iitwayo heparini, iliyogunduliwa mwaka 1916 mjini Baltimore, Marekani. Nayo yafaa kwa wajawazito kwa sababu haivuki kondo la nyuma kumfikia mtoto. Vidonge vya warfarini huvuka, vyaweza kumharibu. Mama hujichoma mwenyewe chini ya ngozi ya tumbo kila siku, mpaka wiki sita baada ya kuzaa. Mama tuliyemtaja, ambaye sasa ana mimba ya nne, hufanya hivyo kila jioni. Yeye amekwisha kupata bonge. Kwake sindano ni ya kuokoa maisha yake mwenyewe, na daktari hana mashaka.

Lakini wako wengine wenye upungufu wa urithi, waliopoteza mimba, nao hawajapata bonge kamwe. Je, wapewe sindano ili mtoto asipotee? Kwa miaka mingi madaktari waliwapa kwa huruma. Kisha jambo hilo likapimwa, na mwaka 2023 majibu yakatangazwa: wanawake 326 wa Uingereza, Uholanzi, Marekani, Ubelgiji na Slovenia, wote wenye damu ya namna hii na mimba mbili au zaidi zilizoharibika, waligawanywa kwa kura, hawa wapate sindano, hawa wasipate. Waliopata sindano walizaa watoto hai 72 katika kila mia, wasiopata, 71. Tofauti si kitu.

Watu wengine walipoisikia habari hii walihuzunika, kana kwamba wamenyang'anywa. Sisi tulipoisoma tuliirudia mara ya pili, tukaona ndani yake jambo ambalo hatukulitazamia. Wale wasiochomwa sindano yo yote, wenye damu hiyo hiyo na huzuni hiyo hiyo, zaidi ya theluthi mbili walishika mtoto mikononi. Tumaini lao halikuwa la kununuliwa. Ni kweli, walitunzwa vizuri katika hospitali zenye vitu vingi, wala hatutaki mtu achukue hesabu ya Ulaya na kuiahidi Mwanza. Walakini ni haki mama aijue kabla nyumba haijauza ng'ombe kwa ajili ya sindano za miezi tisa. Na daktari asemaye, "Kwa ajili ya mimba sijaona faida, kwa ajili ya mguu wako naona," asidhaniwe kuwa mchoyo. Amemheshimu mgonjwa kuliko yule ampaye dawa ili tu asiondoke mikono mitupu. (Aliyekwisha kuandikiwa sindano asiache kwa kusoma ukurasa huu! Amwulize aliyemwandikia.)

Jambo la tatu lilitusumbua sana. Damu ya urithi si siri ya mtu mmoja. Kila ndugu wa mama yule, wa kiume na wa kike, yamkini nusu kwa nusu naye anayo. Mdogo wake wa kike alikuwa karibu kuolewa. Mama yao mzazi akamsihi, "Mwanangu, nyamaza. Wakwe wakisikia, watakwenda kutafuta nyumba nyingine." Tutamlaumu mama huyo? Alikwisha kuona binti mmoja akihesabiwa ng'ombe. Lakini binti yule mdogo asipojua, huenda akapewa vidonge vya kupanga uzazi vya namna izidishayo hatari hii, au akavimba mguu baada ya kuzaa na kuambiwa amechoka tu. Kwa mawazo yetu kumwambia ndugu ilikuwa lazima. Kuwaambia wakwe ilikuwa hiari ya ndugu mwenyewe. Mipaka hii miwili watu huichanganya, nao ama hutangaza yote ama huficha yote. Dada alimwambia mdogo wake faraghani. Wakwe hawakuambiwa na sisi.

Tena, waalimu, tuna deni jingine. Mtoto aliyezaliwa akifa, usharika hukusanyika, twaimba, twakaa na wafiwa. Mimba ikiharibika, hakuna matanga. Wanawake wawili watatu hufanya yawapasayo nyuma ya nyumba, na siku ya pili mama huonekana bombani na ndoo yake, kwa kuwa hakuna aliyempa ruhusa ya kulia. Hatusemi kanuni mpya itungwe. Twasema mwalimu aende, akae, na maneno yake yawe machache. Yule mama alituambia, lililomwuma kupita neno la damu mbaya ni neno la mzee mmoja wa kanisa, aliyekuja asubuhi yake kumwambia kwamba ni mapenzi ya Mungu, kisha akamwuliza kwa nini hakuonekana kwaya.

Kuhusu mume wake, tumpe haki yake. Alikaa kimya muda mrefu, nasi tulidhani amekubaliana na baba yake mdogo. Mwisho alisema mbele ya wazee wa ukoo ya kuwa ng'ombe hawarudi, na kwamba atakayetaka kuhesabu na ahesabu pia bibi yao mzaa baba aliyekufa uzazini, ambaye damu yake hapana aliyeipima. Wazee walinyamaza. Si kwamba walikubali wote.

Tulipofika kwao juma lililopita, yule mama alikuwa katika mwezi wa saba. Mama mkwe ndiye aliyetufungulia mlango, akatuletea viti nje chini ya mwembe. Alituambia ya kuwa Jumanne ni siku ya kliniki, naye atakwenda pamoja, maana magari ya asubuhi yaendayo mjini hujaa tangu uwanja wa ndege, na vijana wa siku hizi hawasimami kumpisha mjamzito. Kisha akamwita mkwewe kwa sauti, "Mayu, jua linakuchwa, umekwisha kuchoma sindano?"