Tafakuri ya leo: Taa haijawaka, wewe simama



Taa za kuongozea magari mjini zikisimikwa zikachelewa kuwashwa, trafiki huongoza kwa mkono. Sasa sisi pale Nyakanazi, njia za Kigoma, Kahama na Biharamulo zinapokutana na malori ya Rusumo yanapita, tungoje taa ndipo tusimame?

Ukiwa na swaumu maji yapo, hakuna anayekuona, na bado hunywi. Hiyo ndiyo taa yako. Leo magharibi ukiwahi futari, wewe wa bodaboda, punguza mwendo, mwache mtoto avuke. Mtume (s.a.w.) ametufundisha kuwa kuondoa udhia njiani ni katika imani. Futari itakungoja, roho ya mtu hairudi.

Allah atutakabalie swaumu zetu. Amin.