Nani Alilipia Kivuli Hiki?

Kiangazi kikikolea Tabora, kuanzia Agosti hadi mvua za Novemba, raha kubwa kuliko zote mjini haiuzwi: ni kukaa chini ya mwembe. Watu hubarizi hapo, wakacheza bao, wakabishana kuhusu bei ya tumbaku na matokeo ya mpira, wala hakuna anayedaiwa tiketi. Urambo, kilomita zipatazo 90 kuelekea magharibi kwa reli ya Kigoma, mambo ni yaleyale. Wapo wanaoiona starehe hii kuwa kitulizo cha asiye na hela, eti mwenye nazo yuko kwenye viti vya baa. Nadhani wanakosea, ila hata sisi tunaoipenda tunakosea kuiita ya bure. Ililipiwa. Aliyelipa hatumjui jina, na hapo ndipo starehe inapogeuka kuwa suala la dini.

Mwembe si mti wa asili wa huku Unyamwezi. Asili yake ni Asia ya kusini. Ulifika pwani yetu kwa vyombo vya bahari, ukapanda bara kwa njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo kupitia Tabora hadi Ujiji. Kwa hiyo kila kivuli cha mwembe ni ushahidi kwamba mtu fulani alifukia kokwa, akaulinda mche usiliwe na mbuzi, akaondoka. Waislamu wana hadithi mashuhuri ya Mtume isemayo kwamba anachokula mtu, ndege au mnyama kutoka kwenye mti huandikiwa aliyeupanda kuwa sadaka. Wakristo wanayo sheria ya kitabu cha Walawi, inayomwamuru mkulima asivune pembe za shamba lake, awaachie maskini na mgeni. Katika mafundisho yote mawili, anayepokea hadaiwi bei, lakini haachiwi kusahau kwamba amepewa. Aliyekaa chini ya mwembe ni mpokea sadaka, na sadaka haishuki thamani kwa kuwa haina risiti.

Pingamizi zito ni hili: njia hiyohiyo ya misafara ilipitisha pembe za ndovu na watumwa. Je, ni halali kustarehe chini ya mti wenye historia hiyo? Wengine hujibu kwa kuwataja wapagazi wa Kinyamwezi, ambao wengi walikuwa watu huru wa ujira. Walibeba mizigo ya kilo 30 hivi kwa miezi, na wakifika kambini jioni walipiga ngoma na kucheza, hata wageni waliosafiri nao wakastaajabu. Ni kweli, walijua kwamba furaha haingoji mshahara mnono. Lakini ngoma ya mpagazi haifuti chozi la mtumwa, na anayeitumia hivyo anadanganya. Jibu langu ni jingine: kukihama kivuli hakumpi mtumwa aliyekufa chochote, ila kukikalia huku umemsahau ni kumdhulumu mara ya pili.

Kuhusu shutuma kwamba wakaa kivulini ni wavivu, sitasema mengi. Aliyetoka kwenye kitalu cha tumbaku, akapandikiza, akachuma, akakesha kwenye bani la kukaushia na kufunga marobota, hahitaji kufundishwa kazi. Swali la kumuuliza ni kuhusu kuni. Tumbaku ya mvuke hukaushwa kwa magogo ya miombo, yaani tunachoma vivuli vya watoto ili tupate fedha ya msimu mmoja. Hapo raha ya bure inageuka kuwa deni, na wadeni ni sisi.

Atasema mtu kwamba kuisifu starehe isiyo na gharama ni kuwapa wakuu kisingizio cha kutojenga bustani wala viwanja. Ningekubali kama starehe hiyo ingekuwa bahati tu. Ikiwa ni sadaka, hesabu inageuka: anayezungushia uzio uwanja wa watoto, au kukata miembe ya barabarani ili apange fremu za maduka, amechukua mali ya wapokeaji, na halmashauri iliyotia saini inapaswa kuulizwa hadharani, msikitini na kanisani pia. Kupanda upya hakungoji bajeti. Mvua zitaanza Novemba, na ifikapo Desemba kokwa za maembe zitakuwa zimezagaa sokoni Urambo, hazina mwenyewe.