Bosi wa Zamani Akikuita



Kuna swali vijana wetu hapa Meru na Embu wanaliuliza: bosi aliyenifunza kazi ametoka, amefungua agroveti yake, na sasa ananiita. Lakini akitoka alisaini kwamba kwa mwaka mmoja hatachukua wafanyakazi wala wateja wa pale. Mimi sikusaini kitu. Niende?

Sheria ya Kenya, Sura ya 24, inakubali mapatano kama hayo, ila Mahakama Kuu inaweza kuyabatilisha ikiona muda, eneo au kazi iliyozuiwa imepita kiasi. Kwa hivyo kama yanamwonea, mlango upo. Kupitia dirishani ni kitu kingine.

Soma Mwanzo 31. Labani alikuwa bosi mgumu, alimbadilishia Yakobo mshahara mara kumi. Hata hivyo walipoweka rundo la mawe, wakakubaliana hakuna atakayelivuka kumdhuru mwenzake, Yakobo aliapa. Hakusema, "Labani ni mjanja, basi kiapo si kitu."

Ndugu, dada, najua karo inangoja na mshahara wa huko ni mzuri. Ni kweli wewe hujafungwa. Lakini yeye amefungwa, na akikuchukua leo, wewe ndiwe kisu cha kukatia kamba yake. Mwambie kwa heshima: "Bosi, ongea nao kwanza wakuachilie, ama tungoje mwaka uishe." Akikasirika, jiulize: anayevunja neno alilowapa wengine, lile alilokupa wewe atalishika?

Wiki hii tuwaombee wote wanaotafuta kazi.