Uso si Moyo

Twamwendea mzee aliyefiwa na mkewe kumpa mkono wa tanzia, naye hutujibu kwa sauti kavu na uso usioonyesha huzuni. Tukitoka mlangoni twasema: "Ana moyo wa jiwe." Je, hukumu hiyo tumeipata wapi? Yako maradhi, yaliyoelezwa na tabibu James Parkinson wa London mwaka 1817, ambayo huikaza misuli ya uso na kuififiza sauti. Mgonjwa hulia moyoni, na uso usimshuhudie. Na wako waliozaliwa hivyo, bila ugonjwa. Uso ni shahidi mmoja, na shahidi mmoja hatoshi. Basi kabla ya kumdhania mtu ubaya, tumwulize hali yake, na jibu lake tulisadiki.